Nyongeza ya Mshahara Haitangazwi: Utamaduni Ndani ya Uamuzi wa Mtu Mmoja

Nairobi ina kanuni moja ambayo haijaandikwa popote, na waajiriwa wengi wanaifuata: nyongeza ya mshahara haitangazwi. Rafiki wa ofisini ataambiwa, mke au mume pengine, na hata hapo wapo wanaosita. Lakini kule nyumbani mashambani, kwa wajomba na mashangazi na binamu ambao majina yao huyakumbuki vizuri, taarifa rasmi hubaki ile ile ya miaka yote: "Tunasukuma tu."

Kuna atakayesema jiji limewafanya watu wachoyo. Kuna mwingine, hasa aliyesoma habari za Mwafrika na ujamaa wake, atakayeshangaa: si hawa ndio watu wa kugawana? Wawili hawa wanabishana, lakini wanakubaliana katika jambo moja, na ndilo wanalokosea. Wote wanauchukua utamaduni kama kitu kinachokaa ndani ya kichwa na kumsukuma mtu atende hivi au vile. Kwa mmoja kitu hicho kimechakaa, kwa mwingine bado kizima.

Mimi naona utamaduni hufanya sehemu kubwa ya kazi yake nje ya kichwa, katika sababu ambazo watu wanaokuhusu wako tayari kuzipokea. Mtu anaamua mwenyewe, ndiyo, lakini anaamua akijua ni uamuzi upi ataweza kuueleza mbele ya kikao na upi hautaelezeka hata akiwa na ulimi wa asali. Ukilishika hilo, mambo mengi ya Nairobi yanayoonekana kama unafiki huanza kueleweka.

Turudi kwenye mshahara. Wanauchumi Pamela Jakiela na Owen Ozier walilipima jambo hili katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2016. Kila mshiriki alipewa pesa halisi, wengine kidogo, wengine nyingi, kisha akachagua kiasi cha kuweka katika uwekezaji wenye hatari lakini wenye faida nzuri kwa wastani. Kwa baadhi yao yote yalibaki siri. Kwa wengine, kiasi walichowekeza na walichovuna kilitangazwa mbele ya wanakijiji waliohudhuria. Pesa ambayo mtu hakuiwekeza haikujulikana na yeyote, na hapo ndipo ujanja ulipojitokeza: wanawake waliopewa nyingi, wakijua watatangazwa, walipunguza uwekezaji wao ili waonekane kama waliopewa kidogo. Waliiacha faida ipite wasije wakaonekana nayo. Waliofanya hivyo hasa ni wale ambao jamaa zao walikuwa pale pale wakisikiliza.

Kwa hesabu za watafiti hao, wanawake walienenda kama watu wanaotarajia pato lao likionekana litakatwa kodi ya zaidi ya asilimia 4, na kodi hiyo ilikaribia kuwa maradufu pale ndugu walipoweza kuliona pato kwa macho yao wenyewe. Ni kodi isiyo na risiti, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haiijui.

Tazama kilichotokea. Hakuna mwanamke aliyesimama akasema, "Sitaki kuwapa ndugu zangu." Sentensi hiyo haisemeki. Ukiwa nacho na ndugu anakihitaji, sababu ya kumnyima haipo. Ukiwa huna, sababu ipo na haihojiwi. Kwa hiyo mtu mwenye akili timamu hapotezi muda kutafuta namna ya kukataa. Anatafuta namna ya kutokuwa nacho, au ya kuonekana hana. Ndivyo anavyofanya pia yule wa ghorofa ya tatu pale Umoja anayesema anasukuma tu.

Utafiti mwingine, wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson uliochapishwa mwaka 2013, unaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Nao ulifanyika magharibi mwa Kenya, kati ya wanachama wa vikundi vya kuchangiana kwa zamu, vile ambavyo wengi wetu tunaviita merry-go-round. Watu walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli. Walikaa nacho nyumbani, ufunguo mikononi mwao, wakaambiwa wawekee humo akiba ya afya: chandarua, dawa ya kutibu maji, vitu vya namna hiyo. Kisanduku chenyewe hakikuwa na riba, na mwenye ufunguo angeweza kukifungua usiku wowote. Hata hivyo akiba ya afya iliongezeka kwa takriban asilimia 66. Wengine walipewa kisanduku ambacho ufunguo wake ulikaa na shirika hadi lengo litimie. Hicho hakikuongeza matumizi ya kinga ya afya kwa kiwango cha kutajika, maana pesa iliyofungwa kabisa haikusaidii mtoto akiugua usiku.

Sasa kisanduku ambacho unaweza kukifungua ukitaka kinamzuia nani? Kinakuzuia wewe kidogo, na kinamzuia jirani zaidi. Pesa iliyoko mfukoni haina jina. Iliyoko kisandukuni ni ya chandarua, na unaweza kulisema hilo mbele ya shemeji bila kuona haya. Kisanduku kilimpa mwenye nacho sababu inayopokelewa.

Ukitoka hapo ukaingia Nairobi utaona visanduku kila mahali, ila havina kufuli. Chama, yaani kikundi cha kuchangiana kwa zamu, ni kimojawapo. Mama mwenye kibanda cha mboga Kawangware anayeambiwa na mdogo wake, "Dada, nisaidie elfu mbili hadi Ijumaa," anaweza kujibu, "Ungenijia jana, leo ni siku ya chama," na mazungumzo yakaishia hapo bila mtu kununa. Kule Eastleigh wafanyabiashara Wasomali wana ayuto, mchango wao wa zamu, na mantiki ni ile ile: pesa imeshaahidiwa watu wengine, na ahadi kwa wengi hushinda ombi la mmoja. Wachambuzi wa fedha husifu chama kwa sababu ya nidhamu ya kuweka akiba. Ni kweli, lakini naona wanaupunguza uzito wake. Chama kinatengeneza "hapana" ambayo ina heshima, na "hapana" ya namna hiyo ni bidhaa adimu katika jamii inayogawana.

Ploti nayo ni hivyo. Washauri wa uwekezaji wamechoka kuwaambia vijana kwamba kipande cha ardhi huko Joska au Kamulu, kisicho na maji wala barabara, huenda kisiwalipe kama dhamana za serikali. Hesabu zao zinaweza kuwa sahihi kabisa. Ila hati ya ardhi ina mambo mawili ambayo dhamana haina. Haikopeki na mpwa siku ya Jumamosi, na inaweza kutajwa mezani wakati wa mahari bila mtu kuuliza ni kitu gani hicho. Mnunuzi anaponunua ploti ananunua udongo, na pamoja nao ananunua jibu la swali ambalo ataulizwa maisha yake yote: umefanya nini na hiyo kazi ya Nairobi?

Hapa msomaji makini atasimama na kuuliza: huu ni utamaduni kweli, au ni umaskini tu? Mtu asiye na bima atawategemea jamaa, awe Mkenya au Mnorwei. Swali ni la haki, na lina ushahidi wake. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa kijijini kukawa jambo la dakika moja, na wanauchumi William Jack na Tavneet Suri wakafuatilia kaya kuona nini kinatokea zinapopatwa na pigo kama ugonjwa au kupoteza kazi. Matokeo waliyochapisha mwaka 2014 yalikuwa wazi: kaya zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi yao kwa takriban asilimia 7 pale pigo lilipofika, zinazotumia hazikupunguza. Tofauti ililetwa na misaada ya jamaa na marafiki, iliyofika kwa wingi zaidi na kutoka kwa watu wengi zaidi.

Kwa hiyo yule mjomba anayepiga simu kila mwisho wa mwezi ni mzigo, na pia ni sehemu ya bima yako. Mtandao unaokukamua ndio huo huo utakaochanga siku utakapolazwa. Sioni haja ya kuchagua kati ya utamaduni na uchumi hapa. Hitaji la bima linaeleza kwa nini watu hugawana. Halielezi kwa nini mtu aliyekwisha kuwa na bima ya kampuni, akiba ya sacco na nyumba yake mwenyewe bado anaona aibu kukataa mchango wa matanga ya mtu ambaye hakuwahi kukutana naye. Hitaji likiondoka, zile sababu zinazokubalika hubaki nyuma, na huendelea kutawala kwa muda mrefu. Kundi la WhatsApp la kamati ya mazishi linajua hivyo, ndiyo maana mweka hazina hutuma orodha ya waliochanga, jina na kiasi, kila jioni. Ambaye jina lake halipo haambiwi chochote. Haina haja.

Wanasaikolojia nao wamelizungukia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1991 Hazel Markus wa Marekani na Shinobu Kitayama wa Japani waliandika makala iliyobadilisha fani yao. Walisema watu hawana picha moja ya "mimi". Kwa wengine, mimi ni kitu kinachojitegemea, chenye matakwa yake, na uamuzi mzuri ni ule unaoyafuata matakwa hayo. Kwa wengine, mimi ni mtoto wa fulani, mke wa fulani, mdogo wa fulani, na uamuzi mzuri ni ule unaoyaweka mahusiano hayo sawa. Maelezo haya yameenea mno tangu hapo, mpaka yamegeuka kuwa usemi wa semina: Magharibi ni ubinafsi, Afrika na Asia ni jamii. Kwa namna hiyo yanapotosha zaidi ya yanavyofundisha.

Jaribio lililonisaidia mimi kulielewa wazo lao ni la watoto. Sheena Iyengar na Mark Lepper, mwaka 1999, walieleza jinsi walivyowapa watoto wa shule huko San Francisco mafumbo ya maneno. Wengine walichagua wenyewe fumbo la kufanya. Wengine waliambiwa mtafiti amewachagulia, na wengine kwamba mama zao ndio waliowachagulia. Watoto wa asili ya Ulaya walifanya vizuri zaidi na kwa hamu zaidi walipochagua wenyewe. Kuchaguliwa na mama kuliwashusha sawa na kuchaguliwa na mtu baki. Watoto wa asili ya Asia waling'ara zaidi ya yote pale mama alipochagua, ila mtafiti alipowachagulia, nao pia walishuka. Hawakuwa watoto wanaopenda kuamrishwa. Kwao mama hakuwa mtu wa nje.

Mzazi yeyote wa Nairobi aliyekaa na mtoto wake kuchagua kozi za chuo kwenye tovuti ya KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, anaijua hali hii. Simu ni moja, vichwa vinne vimeinama juu yake, na kwenye spika yuko baba mdogo aliye Eldoret, aliyelipa karo ya kidato cha tatu na kwa hiyo ana kauli. Mtoto anataka muziki. Kikao kinasema uuguzi. Rafiki wa Ulaya angesema mtoto amenyang'anywa uamuzi, na mara nyingine ndivyo ilivyo, tusipambe: wapo waliosomea shahada za watu wengine na wamekaa nazo kabatini. Lakini wapo pia wengi ambao uamuzi uliofanywa mezani ndio wanaouona wa kwao hasa, na ambao wangeachwa peke yao na fomu ile wangejiona wametelekezwa. Kabla ya kuuliza nani aliamua, uliza kwanza huyu mtoto anawahesabu akina nani ndani ya "sisi".

Lakini hapa pana mtego. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliwakumbusha wenzao kwamba karibu yote yanayosemwa kuhusu akili ya binadamu yametoka kwa sehemu ndogo ya binadamu: asilimia 96 ya washiriki wa tafiti za saikolojia zilizochunguzwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu duniani, na wengi wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Kwa hiyo tunapoambiwa "watu huamua hivi", mara nyingi anayezungumziwa ni kijana wa miaka ishirini aliyeshiriki utafiti ili apate alama za darasa.

Henrich mwenyewe na wenzake walikuwa wamejaribu kutoka nje ya ukuta huo. Walipeleka mchezo mmoja wa kugawana pesa katika jamii 15 ndogo ndogo duniani, Kenya ikiwemo. Mtu mmoja anapewa kitita na kupendekeza mgao. Wa pili akikubali wanagawana, akikataa wote wanakosa. Kama kila mtu angejali tumbo lake tu, wa kwanza angetoa senti na wa pili angezipokea. Haikutokea hivyo popote, na tofauti zilikuwa kubwa ajabu. Wamachiguenga wa Peru walitoa wastani wa asilimia 26. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa asilimia 58. Miongoni mwa Waau na Wagnau wa Papua New Guinea, kuna waliokataa hata walipopewa zaidi ya nusu, kwa sababu kwao zawadi kubwa ni deni kubwa, na anayeipokea amejiweka chini ya mtoaji. (Mjomba anayekufadhili sana kabla ya uchaguzi wa wadi, nadhani tunamwelewa.)

Kenya iliwakilishwa na Waorma, wafugaji wa Tana River. Walipochezeshwa mchezo mwingine, ule wa kila mtu kuweka chochote kwenye mfuko wa wote, mara moja wakaupa jina: ni harambee. Baada ya hapo walitoa kwa ukarimu. Nalipenda tukio hili kuliko takwimu zote za utafiti ule. Watafiti walidhani wameleta mchezo usio na historia. Washiriki waliutazama, wakatafuta katika maisha yao jambo linalofanana nao, wakalipata, na pamoja nalo zikaja kanuni zote: nani hutoa, hutoa kiasi gani, na mtu huonekanaje asipotoa. Hivyo ndivyo nasi tunavyofanya mbele ya jambo jipya. Swali la kwanza ni "hili ni jambo la namna gani?", na likijibiwa, nusu ya uamuzi imekwisha.

Mambo haya yanaingia mapema sana. Bettina Lamm na wenzake waliwapa watoto wa miaka minne jaribio maarufu la subira: kula kitu kimoja sasa, au ngoja upate viwili. Watoto wa Kijerumani wa tabaka la kati waliofaulu kungoja hawakufika theluthi moja. Watoto wa Wanso, wakulima wa Kameruni, waliowekewa puff-puff ambayo Mkenya angeiona kama mandazi, walingoja karibu asilimia 70, na wachache wao walisinzia wakingoja. Watafiti waliuhusisha utulivu huo na malezi: mama wa Kinso humfunza mtoto mapema kutawala hisia zake na kumsikiliza mkubwa, mama wa Kijerumani humfuata mtoto anachotaka. Nani kati yao anajiamulia zaidi? Inategemea unauita uhuru ni kupata unachotaka au ni kuweza kukiacha.

Basi mtu mzima anaweza kutoka nje ya sababu za watu wake? Nairobi ililijaribu swali hili mahakamani, na hakuna kesi iliyolifichua vizuri zaidi. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa Mjaluo aliyefanya kazi na kuishi Nairobi, mke wake Wambui akiwa Mkikuyu. Mjane alisema marehemu alitaka azikwe kwenye shamba lao huko Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulisema atazikwa Nyalgunga, Siaya, kwa mababu. Mwili ulikaa miezi mitano katika hifadhi ya maiti huku magazeti yakiuza kila neno la mashahidi.

Hoja ya upande wa mjane ilikuwa kwamba huyu alikuwa mtu wa kisasa, msomi wa sheria, aliyefunga ndoa ya kiserikali, ambaye maisha yake yalionyesha amechagua njia yake. Hoja ya ukoo ilikuwa kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba mahali popote, lakini boma lake ni kule kwao, na kuzikwa si jambo la marehemu peke yake. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi: alizaliwa Mjaluo, na sheria ya kimila ya Wajaluo ilimfuata, haidhuru aliishi namna gani. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei. Mjane hakuhudhuria.

Kesi hii husimuliwa kama vita kati ya mila na usasa, na watu huchagua upande kama wanavyochagua timu. Mimi naona ilikuwa juu ya sababu. Alichokitaka marehemu kilikuwa matakwa ya mtu mmoja, yaliyosemwa kwa mdomo, na mbele ya mahakama ile "alitaka hivyo" haikuwa na uzito wa kutosha. Ukoo ulikuja na sababu ambayo maelfu ya watu wangeitambua.

Mmoja wa mashahidi alikuwa Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu miaka ya 1970 alikuwa akienda vijijini kuzungumza na wazee wenye sifa ya hekima, na aliwagawa mafungu mawili. Wapo wanaoijua mila vizuri na kuieleza vizuri, wakikomea hapo. Wapo wengine wanaoijua sawasawa na hao, lakini wanaihoji, wanaikosoa na kutoa hoja zao wenyewe. Aliwaita hao wa pili wanafalsafa, na wengi wao hawakuwa wamesoma shule. Ni mchango ambao wanaosema "utamaduni wetu hauruhusu" wangefaidika nao. Utamaduni hauna sauti moja. Ndani yake wenyewe kuna mabishano, na aliyebobea kuliko wote ndiye mara nyingi aliye huru zaidi kuugeuza, kwa sababu anajua sababu zinatoka wapi.

Tazama kilichofanyika katika jiji lile lile miaka 24 baadaye. Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011, naye aliacha maagizo yasiyo ya kawaida: asizikwe kwenye jeneza la mbao. Alibebwa katika jeneza lililosukwa kwa mianzi, magugumaji na mafunjo, akapewa heshima za kitaifa Uhuru Park, na mwili wake ukachomwa Kariokor. Kwa Mkikuyu mashuhuri, na kwa Wakenya Wakristo wengi, kuchomwa mwili lilikuwa jambo la kushtua. Watu walinong'ona, lakini hakuna aliyekwenda mahakamani. Zipo tofauti nyingi kati ya visa hivi viwili, na ukoo wa Maathai haukuwa na sheria ya kimila ya aina ile ya kudai. Hata hivyo sababu yake ilikuwa imetangulia mbele yake: mwanamke aliyepanda miti maisha yake yote hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Nani angesimama kikaoni aipinge?

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Nairobi ambalo maelezo ya "utamaduni wa fulani" huliruka. Mtu wa hapa hana orodha moja ya sababu. Ying-yi Hong na wenzake walieleza mwaka 2000 jinsi wanafunzi wa Hong Kong, waliokulia kati ya utamaduni wa Kichina na wa Magharibi, walivyobadili namna ya kufikiri kulingana na picha walizoonyeshwa kwanza. Walioona alama za Kichina walipoonyeshwa samaki mmoja akiogelea mbele ya kundi walielekea zaidi kuona anasukumwa na kundi. Walioona alama za Kimarekani walielekea kumwona kama anayeongoza kwa hiari yake. Mwanafunzi ni yule yule, na samaki ni yule yule. Mwenzetu anayejadili mkataba Upper Hill saa nne asubuhi na mahari Kiambu saa nane mchana habadilishi tabia. Anabadilisha hadhira, na kila hadhira ina sababu zake.

Utafiti wa mwisho ninaotaka kuutaja ulifanyika hapa hapa jijini, na Hazel Markus yule yule wa 1991 alikuwa miongoni mwa watafiti, wakiongozwa na Catherine Thomas. Ulichapishwa mwaka 2020. Wakazi 565 wa mitaa ya kipato cha chini walipewa pesa taslimu, kiasi kile kile kwa wote. Kilichotofautiana ni maneno. Kundi moja liliambiwa pesa ni za kupunguza umaskini, kukidhi mahitaji ya lazima. La pili liliambiwa ni za kumwezesha mtu kufikia malengo yake na kujitegemea. La tatu liliambiwa ni za kumwezesha mtu kuwasaidia anaowajali na kuinua jamii yake. Kisha kila mmoja akachagua: atazame video za kujifunza biashara, au za kujiburudisha.

Ujumbe wa pili na wa tatu wote uliwafanya watu wajione wanaweza zaidi na kutarajia maisha bora. Lakini ni ule wa tatu tu uliowasogeza kwa kiwango cha kuaminika kuchagua mafunzo ya biashara, na uliopunguza aibu ya kupokea msaada. Pesa za "jitegemee" zilimpa mtu moyo. Pesa za "inua wako" zilimpa moyo na pia jibu la kuwapa majirani, kwa nini yeye amepokea na amezifanyia nini.

Watafiti hawakuishia hapo. Waliwauliza wapokeaji wenyewe watabiri ni ujumbe upi ungewasukuma zaidi watu wa mtaa wao kujifunza biashara. Utabiri huo ulizipanga jumbe kwa usahihi kuliko majaribio madogo ya awali ambayo mashirika huyalipia.